Uhuru Ilipokatiza Juu ya Ngara

Tarehe 12 Desemba 1970 Kenya ilitimiza miaka saba ya kujitawala. Siku hiyohiyo, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, mafundi wa Kiitalia walikuwa wakijiandaa kurusha roketi. Kituo chao hakikuwa nchi kavu. Kilikuwa majukwaa mawili ya chuma yaliyosimama kwa miguu mirefu ndani ya maji ya Ghuba ya Ungwana: San Marco lilibeba roketi, na Santa Rita lilikuwa na mitambo ya kuiongoza. Ilipokaribia saa nane mchana roketi hiyo ya aina ya Scout iliwaka, ikanyanyuka, ikashika njia ya mashariki juu ya Bahari ya Hindi. Ilibeba setilaiti ya kilo 140 hivi, ambayo Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilikuwa limeiandikisha kwa jina la SAS-1. Marjorie Townsend, mhandisi aliyeusimamia mradi huo, aliipa jina la siku yenyewe: Uhuru.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa chombo cha anga cha Marekani kurushwa na watu wa nchi nyingine. Waitalia hao waliongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, na Wamarekani waliwafuata Kenya kwa sababu ya mahali. Karibu na ikweta ardhi inazunguka kwa kasi kuliko kwingine, kwa hiyo roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo wa bure. Lakini sababu nzito zaidi ilikuwa usafi wa vipimo. Uhuru ilitumwa kupima mionzi ya eksirei inayotoka kwenye nyota, mionzi ambayo hewa yetu huizuia isifike ardhini. Setilaiti inayokaa karibu na ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe zilizonaswa na usumaku wa dunia, chembe ambazo zingevivuruga vipimo vyake.

Chukua ramani ya Afrika Mashariki, weka rula kwenye jukwaa la San Marco, latitudo karibu digrii 3 kusini, uvute mstari kwenda magharibi. Unakata Tsavo, unapita miteremko ya kaskazini ya Kilimanjaro, unavuka kusini mwa Serengeti, unapita karibu na Geita, halafu unaingia Biharamulo si mbali na njia panda ya Nyakanazi na kutokea kusini mwa Ngara, mpakani na Burundi. Njia ya Uhuru iliinama digrii 3 tu kutoka ikweta, maana yake setilaiti haikuwahi kutoka kwenye ukanda mwembamba ulio kati ya digrii 3 kaskazini na digrii 3 kusini. Iliizunguka dunia kwa dakika 96, kwenye kimo cha kilomita 520 hadi 560. Ukihesabu pamoja na mzunguko wa dunia yenyewe, ilikatiza anga la mkoa ambao leo ni Kagera takriban mara 14 kila siku, ikitokea upande wa Burundi na Rwanda. Kutoka usawa wa Ngara mjini hadi usawa wa Biharamulo ilitumia sekunde kama 10. Kabla dakika tatu hazijaisha, ilikuwa imeshafika tena pwani ya Kenya.

Chini yake, wilaya hizo mbili zilikuwa bado katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, na Askofu Christopher Mwoleka wa Jimbo la Rulenge alikuwa katika miaka yake ya mwanzo ya kuvitetea vijiji vya ujamaa. Mazungumzo ya wakati huo yalikuwa ya vijiji na mashamba. Hata hivyo nashikilia kwamba kilichofanyika juu ya watu wa Ngara na Biharamulo kati ya 1970 na 1973 ni sehemu ya historia ya mahali hapo, na kinastahili kusimuliwa pamoja na boma la Wajerumani la Biharamulo na maporomoko ya Rusumo.

Ili kukielewa inabidi turudi nyuma karibu miaka 200, hadi mji wa York, Uingereza. Mwezi Novemba 1782 kijana kiziwi wa miaka 18, John Goodricke, aliona nyota Algol imefifia kuliko kawaida. Akaendelea kuitazama kila usiku mbingu zilipokuwa safi, akiilinganisha na nyota za jirani na kuandika saa. Aligundua kuwa inafifia kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49, tena kwa utaratibu usiokosea. Akapendekeza kwamba huenda kuna gimba lenye giza linaloizunguka na kuikinga kila linapopita mbele yake. Mwaka 1784 akaikuta nyota nyingine inayobadilika, Beta Lyrae, yenye mzunguko wa siku karibu 13. Miaka miwili baadaye alifariki, akiwa na miaka 21.

Alichoacha ni njia ya kufanya kazi. Ukipima mwangaza wa nyota mara kwa mara na kuuchora kwenye karatasi, muda ukienda kulia na mwangaza ukipanda na kushuka, unapata mchoro wa mwanga. Nyota mbili zinazozungukana kwa karibu hatuwezi kuzitenganisha hata kwa darubini kubwa; tunaona nukta moja tu. Lakini mchoro unazitenganisha. Bonde moja kwenye mchoro ni nyota ya kwanza kufichwa, bonde la pili ni mwenzake kufichwa. Kina cha mabonde kinaeleza tofauti ya joto lao, na upana wake unaeleza ukubwa wao.

Mwaka 1903 Gustav Müller na Paul Kempf, wakiwa Potsdam, Ujerumani, walipata mchoro wa ajabu. Nyota W Ursae Majoris haikuwa na vipindi vya utulivu kabisa. Mwangaza wake ulipanda na kushuka bila kukoma, na mabonde yake yalikuwa karibu sawa kwa kina, kiasi kwamba mzunguko wake wa saa 8 ulidhaniwa kuwa wa saa 4. Maelezo kamili yalichelewa. Nyota hizo mbili ziko karibu mno hata zimegusana na kuvaa gamba moja la gesi, kama punje mbili ndani ya ganda moja la karanga. Leon Lucy alionyesha mwaka 1968 jinsi gamba hilo linavyosafirisha joto kutoka kwa nyota kubwa kwenda kwa ndogo, ndiyo maana zote mbili zina joto linalokaribiana ingawa uzito wao hautoshani. Nyota pacha zinazogusana zimejaa mbinguni, nyingi zikimaliza mzunguko kwa chini ya nusu siku.

Swali lililobaki lilikuwa gumu zaidi ya umbo lao: je, mzunguko wenyewe unabadilika? Nyota zinazovutana kwa karibu namna hiyo hazina budi kupeana gesi, kuipoteza angani, na kuvutana kama bahari inavyovutwa na mwezi. Ikiwa nyota nyepesi inampa mwenzake mzito, umbali kati yao huongezeka na mzunguko unakuwa mrefu. Mzito akimpa mwepesi, zinasogeleana. Tatizo ni kwamba mabadiliko ni ya sehemu ndogo ya sekunde kwa mwaka, na mchoro wa mwanga wa nyota nyingi hauonyeshi wakati wa bonde kwa usahihi huo. Inabidi kusubiri miongo.

Hapo ndipo Uhuru ilipoingia, ingawa haikutumwa kwa kazi hiyo. Riccardo Giacconi, Mwitalia mzaliwa wa Genoa aliyefanya kazi Marekani, alikuwa mmoja wa watu wanne waliogundua mwezi Juni 1962, kwa roketi iliyoruka kwa dakika chache tu, kwamba kuna chanzo chenye nguvu cha eksirei upande wa kundi la Nge. Chanzo hicho kiliitwa Scorpius X-1. Baada yake roketi nyingine ziliruka, zikachungulia, zikaanguka. Giacconi alitaka chombo kinachokaa angani na kutazama bila kuchoka. Uhuru ilikuwa na seti mbili za vipokezi vya eksirei vilivyotazama pande zilizopingana, kila moja na eneo la sentimita za mraba 840, na yenyewe ilijizungusha polepole mara moja kwa dakika 12 ili ipekue anga. Watu wa ardhini waliweza kuipunguza kasi hiyo ili ikitazame kitu kimoja kwa muda mrefu.

Mwanzoni mwa 1971 walikielekeza chombo kwenye Centaurus X-3, chanzo kilichoko katika anga la kusini. Eksirei zake hazikuja mfululizo. Zilikuja kwa mapigo, moja kila sekunde 4.84. Timu ya Giacconi, iliyokuwa na Ethan Schreier, Harvey Tananbaum, Herbert Gursky na Edwin Kellogg, ilikuta jambo jingine: mapigo hayakuwa na nafasi moja. Wakati mwingine yalikaribiana, wakati mwingine yaliachana, tofauti ikiwa kama sehemu 7 za elfu moja za sekunde. Na kulikuwa na vipindi ambapo chanzo kilizimika kabisa.

Schreier alipozipanga tarehe, mambo yote yakaangukia kwenye mzunguko mmoja wa siku 2.087. Kila baada ya muda huo chanzo kilizimika kwa karibu nusu siku kisha kikarudi. Mapigo yalikaribiana kilipokuwa kinakuja upande wetu na yakaachana kilipokuwa kinakwenda. Kilikuwa kitu kidogo mno chenye uzito wa kupita Jua, nyota ya nyutroni, kikizunguka kwa kasi ya kilomita 415 kwa sekunde na kufichwa na nyota kubwa kila duru. Goodricke alikisia gimba lisiloonekana linaloikinga Algol. Hapa gimba lenyewe ndilo lililokuwa likitoa ishara, na nyota kubwa, ambayo Wojciech Krzemiński aliipata kwa darubini za kawaida mwaka 1974, ndiyo iliyolikinga. Umbali kati yao ni mfupi kuliko ule wa Jua na sayari ya Utaridi kwa takriban mara tano.

Matokeo hayo yalichapishwa 1972. Mwaka huohuo ikafuata Hercules X-1, yenye mapigo ya kila sekunde 1.24 na mzunguko wa siku 1.7. Hii inanivutia zaidi kwa sababu ya upande wake wa pili. John na Neta Bahcall waligundua kwamba mwenza wake ni nyota HZ Herculis, ambayo ilikuwa imeshaandikwa tangu miaka ya 1930 kuwa nyota inayobadilika bila mtu kujua sababu. Mchoro wake wa mwanga ulipochorwa upya, ulipanda na kushuka kwa siku 1.7 zilezile: uso mmoja wa nyota hiyo unachomwa na eksirei za mwenzake na kung'aa, uso mwingine umebaki baridi, na sisi tunaonyeshwa uso huu na ule kwa zamu. Picha za zamani zilizohifadhiwa kwenye Chuo Kikuu cha Harvard zilionyesha pia kwamba kulikuwa na miaka ambapo kuchomwa huko kulikoma.

Nyota ya kawaida hutoa bonde moja la mwanga kwa kila duru, na bonde lina kingo zisizo wazi. Chanzo chenye mapigo hutoa maelfu ya alama za muda kwa kila duru. Kwa hiyo kipimo ambacho kwa nyota pacha zinazogusana kingehitaji miongo mingi, hapa kiliwezekana kwa miaka michache. Na miaka hiyo ilipatikana pia kutoka Ngomeni. Ariel 5 ya Waingereza ilirushwa hapo Oktoba 1974, na SAS-3 ya Marekani Mei 1975. Mwaka 1983 Richard Kelley, Saul Rappaport na wenzao walichapisha hesabu zilizounganisha nyakati za Uhuru na za SAS-3. Mzunguko wa Centaurus X-3 ulikuwa ukifupika kwa theluthi moja ya sekunde kila mwaka.

Theluthi ya sekunde ni kitu gani? Peke yake si kitu. Lakini duru ni 175 kwa mwaka, na kila duru inaanza mapema kidogo kuliko ile iliyotangulia, kwa hiyo upungufu unajilimbikiza juu ya upungufu. Mtu aliyekokotoa kupatwa kwa Centaurus X-3 kwa kipimo cha 1971, akasubiri hadi 1983, angekuta kumetangulia kwa zaidi ya saa nzima. Sababu ni mvuto uleule unaoleta maji kujaa na kupwa Malindi: nyota ya nyutroni inauinua mwili wa nyota kubwa, na nguvu ya mzunguko inahama polepole kwenda kwenye kujizungusha kwa nyota hiyo. Kwa mwendo huo, umri wa mfumo kama huo ni wa kama miaka nusu milioni, muda mfupi sana kwa nyota.

Si zote zinazosogeleana. Cygnus X-3, ambayo mzunguko wake wa saa 4.8 ulitambuliwa katika vipimo vya Uhuru, inakwenda kinyume. Mwenza wake anapuliza gesi nyingi angani, uzito unatoka kwenye mfumo, kamba ya mvuto inalegea, na mzunguko unarefuka.

Uhuru iliacha kufanya kazi Machi 1973. Orodha yake ya nne na ya mwisho, iliyochapishwa 1978, ilikuwa na vyanzo 339, na majina ya vingi hadi leo yanaanza kwa 4U, herufi ya pili ikiwa ya Uhuru. Chombo chenyewe kiliendelea kukatiza juu ya Kagera kikiwa kimya, kikishuka kidogo kidogo, hadi kilipoungua hewani tarehe 5 Aprili 1979. Tanzania ilikuwa vitani. Siku sita baadaye Kampala ilichukuliwa, na baada ya vita hivyo Ziwa Magharibi ukawa Mkoa wa Kagera. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Nyota pacha zinazogusana nazo zilipata siku yao. Septemba 2008 nyota V1309 Scorpii, katika Nge, ililipuka na kung'aa kwa ghafla. Bahati ilikuwa kwamba mradi wa Kipoland wa OGLE ulikuwa umelipiga picha eneo hilo tangu 2001, kwa kazi nyingine kabisa. Romuald Tylenda na wenzake walipozifungua picha hizo walikuta nyota pacha inayogusana, mzunguko wa siku 1.4, ukifupika mwaka hadi mwaka, na kila mwaka kwa kasi kubwa kuliko uliopita. Mchoro wa mwanga wenyewe ulibadilika umbo: vilima viwili vilivyotoshana vikawa kilima kimoja, kisha mabadiliko yakatoweka. Nyota mbili zilikuwa zimeungana kuwa moja. Hakuna mara nyingine ambapo wanadamu wameyaona yote hayo yakiandikwa kabla ya mlipuko.

Ushindi huo uliwapa wengine hamu ya kutabiri. Mwaka 2017 Lawrence Molnar wa Chuo cha Calvin, Marekani, alitangaza kwamba nyota KIC 9832227, inayozunguka kwa saa 11, ingeungana na kulipuka mwaka 2022. Mwaka mmoja baadaye Quentin Socia wa San Diego alizikagua nyakati zote upya na kukuta kwamba wakati wa bonde moja la zamani ulikuwa umeandikwa kwa kosa la saa 12. Saa 12 kwenye mzunguko wa saa 11 huonekana kama kuchelewa kwa saa moja tu, kosa ambalo halishtui jicho. Molnar alikubali matokeo hayo. Kwa sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo, halafu tunasoma barua zilizoandikwa kwa saa za kizungu, somo la Socia halihitaji mkalimani.

Mtu wa Ngara au Biharamulo ana nafasi nzuri kuliko wengi ya kushiriki kazi hii. W Ursae Majoris hupanda hadi digrii 31 juu ya upeo wa kaskazini. Centaurus X-3 hupanda hadi digrii 32 juu ya upeo wa kusini. York haiwezi kuiona ya pili hata kidogo. Algol yenyewe ni ya majira ya mvua za vuli na mawingu huikinga, ila Beta Lyrae iko wazi wakati wa kiangazi. Mwezi Agosti, kama saa nne usiku, elekea kaskazini ukitafute Vega, nyota inayong'aa kuliko zote upande huo, karibu nusu ya njia kutoka upeoni kwenda utosini. Juu yake kidogo, kuelekea kulia, kuna nyota mbili za kadiri zilizokaa jirani. Ya chini ni Beta Lyrae na ya pili ni Gamma Lyrae, isiyobadilika. Usiku Beta ikiwa kileleni zinatoshana. Ikiwa bondeni, Gamma inaishinda wazi, na hakuna haja ya darubini kuona hilo. Andika tarehe na saa, na uandike kama ni saa ya mchana au ya usiku.

Katika mfumo huo nyota nyepesi inaimwagia gesi nyota nzito, na mzunguko wake umekuwa ukirefuka kwa sekunde 19 hivi kila mwaka. Ukichukua mzunguko ule wa 1784 na kuhesabu mabonde mfululizo hadi leo, utakuta hesabu yako imeitangulia nyota kwa karibu nusu mwaka.